NGAZI YA ELIMU ZANZIBAR NA WASIMAMIZI WAKE

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kwamba elimu katika Visiwa vya Unguja na Pemba itatolewa bila ya malipo na bila ya ubaguzi. Kabla ya hapo, nafasi ya mtoto kusoma ilitegemea kwa kiasi kikubwa asili yake, uwezo wa mzazi wake na mahali alipozaliwa. Tangu wakati huo tarehe hiyo imekuwa ikiadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya Elimu Bila Malipo.

Zaidi ya miaka 60 imepita na suala limebadilika sura. Mlango wa skuli uko wazi kwa kila mtoto, lakini nyuma ya mlango huo mna ngazi ndefu yenye vidato vingi, na kila kidato kina msimamizi wake. Mzazi asiyejua nani anasimamia nini huweza kupeleka shida yake pahala pasipostahiki, akarudishwa, na wakati anahangaika kutoka afisi moja kwenda nyengine mtoto wake yuko nyumbani. Kwa sababu hiyo imeonekana inafaa kueleza, kwa mpangilio, namna elimu ya Zanzibar ilivyoundwa, mitihani yake inavyosimamiwa na wapi inapokutana na elimu ya Tanzania Bara.

Elimu na Muungano

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba elimu ya maandalizi, ya msingi na ya sekondari si miongoni mwa Mambo ya Muungano. Mambo hayo yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na katika orodha hiyo yamo mawili tu yanayogusa elimu moja kwa moja. La kwanza ni elimu ya juu. La pili ni Baraza la Mitihani la Taifa la Tanzania pamoja na shughuli zote zinazohusika na kazi za Baraza hilo.

Yaliyobakia yako chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sera ya elimu, mitaala, ajira ya walimu, ujenzi wa skuli, ukaguzi na muhula wa masomo huamuliwa Zanzibar, chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na sheria zake hupitishwa na Baraza la Wawakilishi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka misingi ya kisheria ya usimamizi huo baada ya Mapinduzi, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ndiyo iliyoipa ngazi ya elimu umbo linalojulikana na wananchi leo.

Matokeo ya mgawanyo huo ni kwamba ndani ya nchi moja mna mifumo miwili ya elimu ya skuli, kila mmoja na Wizara yake, na mifumo hiyo hukutana katika mtihani wa Kidato cha Nne, katika mtihani wa Kidato cha Sita na katika vyuo vikuu. Mambo mengi yanayowatatiza wazazi na hata baadhi ya watumishi chanzo chake ni kutoielewa vizuri sehemu hiyo ya makutano.

Miaka 12 ya elimu ya lazima

Mfumo wa zamani wa Zanzibar uliweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani miaka 7 ya msingi na miaka 3 ya mwanzo ya sekondari. Sera ya mwaka 2006 iliubadilisha mpango huo. Ngazi iliyowekwa na sera hiyo huandikwa kwa tarakimu 2-6-4-2-3+, na maana yake ni hii ifuatayo:

Miaka 2 ya elimu ya maandalizi, ambayo mtoto huianza akiwa na umri wa miaka 4.

Miaka 6 ya elimu ya msingi, kuanzia umri wa miaka 6, Darasa la Kwanza hadi Darasa la Sita.

Miaka 4 ya sekondari ya kawaida, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.

Miaka 2 ya sekondari ya juu, Kidato cha Tano na cha Sita.

Miaka 3 au zaidi ya elimu ya juu.

Sehemu tatu za mwanzo, yaani maandalizi, msingi na sekondari ya kawaida, zinafanya jumla ya miaka 12, na hiyo ndiyo elimu ya lazima. Kwa mfano, mtoto aliyezaliwa Micheweni mwezi wa Januari, 2020, alistahiki kuingia skuli ya maandalizi mwaka 2024 na Darasa la Kwanza mwaka 2026. Akienda bila ya kurudia darasa, atamaliza Darasa la Sita mwaka 2031 na Kidato cha Nne mwaka 2035. Ni wajibu wa mzazi wake, na wajibu wa Serikali pia, kuhakikisha kwamba yumo darasani katika muda wote huo.

Kuingizwa kwa maandalizi katika elimu ya lazima ni jambo zito kuliko wengi wanavyolichukulia. Wako wazazi ambao bado huiona skuli ya maandalizi kuwa ni mahala pa kumwachia mtoto ili mama apate nafasi ya kwenda shambani, pwani au sokoni. Mtoto wa namna hiyo huingia Darasa la Kwanza hajapata kushika penseli, akakaa pamoja na wenzake wanaokwisha kutambua herufi na kuhesabu. Pengo hilo huonekana dogo akiwa na miaka 6, na huonekana kubwa anapofika Darasa la Nne na kukaa katika mtihani wake wa kwanza.

Kwa vile skuli za Serikali za maandalizi hazikuweza kuwafikia watoto wote kwa mara moja, njia nyengine zilifunguliwa. Tangu miaka ya 1990 Zanzibar imekuwa na skuli za maandalizi zilizofungamanishwa na madrasa, zinazoendeshwa na jamii yenyewe. Baada ya sera ya 2006 vilianzishwa pia vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TUTU, ambavyo watoto hukusanyika katika vitongoji vyao na kufuata masomo kwa redio wakiongozwa na mwalimu wa hapo hapo. Mtoto aliyesoma katika kituo cha namna hiyo amepita katika ngazi halali, na haifai Mwalimu Mkuu yeyote kumkataa Darasa la Kwanza kwa hoja kwamba hakusoma maandalizi ya Serikali.

Lugha na masomo

Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika skuli za Serikali za maandalizi na za msingi. Hata hivyo, Sera ya 2006 ilielekeza kwamba kuanzia Darasa la Tano masomo ya hisabati na sayansi yafundishwe kwa Kiingereza, ili mwanafunzi asikutane na lugha hiyo kwa ghafla anapoingia sekondari, ambako Kiingereza hutumika katika masomo mengi. Sambamba na masomo hayo, wanafunzi wa Zanzibar husoma Dini na lugha ya Kiarabu tangu skuli ya msingi.

Nje ya skuli, watoto wengi huhudhuria pia chuo cha Qur'ani. Katika skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, mtoto aliyepangiwa mkondo mmoja kwa kawaida huenda chuoni katika wakati uliobakia. Hili ni jambo jema na la asili katika visiwa hivi. Linalohitajika ni mzazi, mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuo kufahamiana, ili saa za mmoja zisiingie katika saa za mwengine na mtoto akabaki na wakati wa kula na kupumzika. Ujenzi wa skuli za ghorofa unaoendelea Unguja na Pemba una lengo la kuondosha mikondo miwili, na pale unapofanikiwa ratiba za vyuo vya Qur'ani nazo hazina budi kupangwa upya kwa mashauriano.

Mitihani na mabaraza yake mawili

Hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa, na kila mzazi anahitaji kupaelewa.

Zanzibar ina baraza lake la mitihani, nalo ni Baraza la Mitihani la Zanzibar, lililoanzishwa kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ikifanywa ndani ya Wizara yenyewe. Baraza hili ndilo linalosimamia mitihani ya Darasa la Nne, Darasa la Sita na Kidato cha Pili.

Mitihani ya Kidato cha Nne na cha Sita husimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa la Tanzania. Baraza hilo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya Tanzania kujitoa mwaka 1971 katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo ilikuwa ikishirikiana na Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa Chake Chake na mwanafunzi wa Mbeya hufanya mtihani mmoja wa Kidato cha Nne, siku moja na saa moja, na hupewa cheti cha aina moja. Cheti hicho ndicho kinachomwezesha kijana wa Zanzibar kuomba chuo au kazi popote katika Jamhuri ya Muungano bila ya kuulizwa amesoma upande gani.

Kutokana na mgawanyo huo, mzazi mwenye malalamiko juu ya matokeo ya Kidato cha Pili anahusika na Baraza la Zanzibar, na mwenye malalamiko juu ya matokeo ya Kidato cha Nne anahusika na Baraza la Taifa. Afisi ya Elimu ya Wilaya haina uwezo wa kubadilisha matokeo ya baraza lolote kati ya hayo mawili. Njia sahihi ni kuanza kwa Mwalimu Mkuu wa skuli aliyofanyia mtihani mtoto, kwa kuwa skuli ndiyo kituo cha mtihani na ndiyo yenye namba na kumbukumbu za mtahiniwa. Jina likikosewa herufi moja katika orodha ya skuli, kosa hilo hufuata hadi kwenye cheti. Ni vyema mzazi akalihakiki jina la mtoto wake kwa kulilinganisha na cheti cha kuzaliwa kabla ya usajili wa mtihani kufungwa. Cheti cha kuzaliwa kwa hapa Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Mtihani wa Kidato cha Pili unastahiki neno la peke yake. Kwa miaka mingi hapo ndipo wanafunzi wengi wa Zanzibar walipokuwa wakiikata safari yao ya masomo. Kijana aliyeanguka mtihani huo alirudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 15 au 16, hana cheti chochote cha taifa mkononi, na familia ikamuona kuwa amekwisha kusoma. Fikra hiyo haikubaliani na sera. Miaka 12 ya lazima huishia Kidato cha Nne. Mtoto aliyekwama katika Kidato cha Pili bado yumo ndani ya miaka yake ya haki, na mzazi asikubali kumtoa kabla ya kupata maelezo ya skuli na ya Afisi ya Elimu ya Wilaya juu ya njia iliyopo ya kuendelea.

Ngazi mbili katika nchi moja

Upande wa Tanzania Bara ngazi ya elimu imekuwa na hatua tafauti. Kwa muda mrefu Bara imekuwa na mwaka 1 wa elimu ya awali, miaka 7 ya msingi, miaka 4 ya sekondari ya kawaida na miaka 2 ya sekondari ya juu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imeelekeza elimu ya msingi ya Bara iwe ya miaka 6 na elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya kawaida. Mabadiliko hayo yanaingizwa kwa awamu. Katika jambo la miaka 6 ya msingi, Bara sasa inaelekea katika hatua ambayo Zanzibar ilikwisha kuichukua katika sera yake ya 2006, ingawa hesabu ya Zanzibar ya miaka 12 inajumuisha maandalizi na ya Bara haijumuishi elimu ya awali.

Usimamizi nao haufanani. Bara, uendeshaji wa skuli za msingi na sekondari za Serikali uko chini ya Serikali za Mitaa, zikiratibiwa na Afisi yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na Wizara ya Elimu hubakia na sera, mitaala na ubora. Mkaazi wa Zanzibar aliyezoea kwenda Wizara ya Elimu kwa kila jambo huweza kupotea njia akifika Dar es Salaam au Tanga.

Tafauti hizi huwagusa zaidi wananchi wanaohama. Watumishi huhamishwa, wafanyabiashara hufuata biashara zao, na wavuvi huhama na msimu pamoja na familia zao. Mtoto wa Zanzibar aliyemaliza Darasa la Sita akahamia Bara wakati wa kipindi hiki cha mpito anaweza kukuta wenzake wa umri wake bado wana darasa moja mbele yao kabla ya sekondari. Na mtoto aliyetoka Bara katikati ya skuli ya msingi hukuta Zanzibar baadhi ya masomo yanafundishwa kwa lugha nyengine kuanzia Darasa la Tano. Hakuna katika hayo linalozuia uhamisho. Kinachozuia ni kufika bila ya karatasi.

Kwa hivyo mzazi anayekusudia kumhamisha mtoto anashauriwa mambo manne. Kwanza, uhamisho ufanyike mwisho wa mwaka wa masomo kila inapowezekana. Pili, aichukue barua ya uhamisho kutoka kwa Mwalimu Mkuu akiwa bado yuko kisiwani, kwani kuifuata baadaye kwa meli ni gharama. Tatu, awe na ripoti za maendeleo ya mtoto na matokeo ya mtihani wa mwisho alioufanya. Nne, aulize katika Afisi ya Elimu ya Wilaya anayohamia darasa atakalopangiwa mtoto kabla hajafunga mizigo.

Kutoka Wizara hadi skuli

Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali haifanyi kazi zake zote peke yake. Zipo taasisi zilizoundwa kwa ajili ya kazi maalumu. Taasisi ya Elimu Zanzibar hutayarisha mitaala na vifaa vya kufundishia. Afisi ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu hukagua skuli za Serikali na za binafsi. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, husimamia mafunzo ya ufundi. Baraza la Mitihani la Zanzibar limekwisha kuelezwa hapo juu.

Katika utawala, Zanzibar ina Mikoa 5 na Wilaya 11, na kila mkoa na wilaya una afisa wake wa elimu. Kwa upande wa Pemba, Wizara ina Afisi yake inayoongozwa na Afisa Mdhamini. Mwananchi wa Wete au Mkoani hana haja ya kuvuka bahari kuja Unguja kwa jambo ambalo Afisa Mdhamini ana uwezo wa kulimaliza, na watumishi wa Unguja wanaopokea mashauri ya aina hiyo wanapaswa kumueleza mwananchi hivyo mapema, kabla hajatumia nauli ya pili.

Ngazi ya chini kabisa, na iliyo karibu zaidi na mtoto, ni skuli yenyewe pamoja na Kamati yake, ambayo wazazi huwakilishwa ndani yake. Sheha naye ana nafasi yake, kwa kuwa ndiye anayewajua watoto wa shehia yake waliofikia umri wa skuli na ambao hawaonekani darasani. Mwalimu Mkuu anajua nani ameacha kuja, na Sheha anajua anakoishi. Wawili hao wakishirikiana, mtoto hupatikana katika wiki ya kwanza. Wasiposhirikiana, utoro wake hugunduliwa siku ya mtihani.

Maana ya elimu bila malipo

Elimu bila malipo haikuwa na maana moja katika miaka yote. Katika miaka ya 1990, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, wazazi walitakiwa kuchangia huduma za skuli. Wananchi pia kwa desturi yao walijitolea kujenga madarasa, wakanyanyua msingi na kuta, na Serikali ikamalizia kwa kuezeka na kutia samani. Skuli nyingi za mashamba zimesimama leo kwa jasho hilo, na wazee wa vijiji hivyo wana haki ya kulisema.

Michango ya lazima ya wazazi kwa skuli za msingi iliondoshwa mwaka 2015, na baadaye ikaondoshwa kwa sekondari. Hata hivyo, kuondoshwa kwa mchango wa lazima hakukuondosha majukumu ya mzazi ya sare, madaftari, chakula na nauli. Wala hakukuondosha haki ya jamii ya kujitolea kwa hiari yake. Lililokatazwa ni kumzuia mtoto kuingia darasani kwa sababu ya fedha. Mzazi aliyekutwa na jambo hilo aanze kwa Kamati ya Skuli, na asiporidhika aende Afisi ya Elimu ya Wilaya.

Njia kwa waliokosa au walioacha

Ngazi ya elimu ina vipenyo vya kurudia ndani kwa aliyetoka. Mafunzo ya amali hutolewa katika vituo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, na Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba. Elimu mbadala, ambayo kituo chake maarufu ni cha Rahaleo, imekusudiwa kwa vijana waliokosa au waliokatisha skuli. Madarasa ya kisomo cha watu wazima nayo yapo kwa wasiojua kusoma na kuandika.

Aliyekosa nafasi ya kufuata sekondari kwa kawaida anaweza pia kufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kufaulu Mtihani wa Maarifa unaotolewa na Baraza la Mitihani la Taifa. Wako watumishi ambao waliipata sifa ya kuendelea na masomo kwa njia hii huku wakiwa kazini, na umri haukuwazuia.

Kwa mwanafunzi wa kike aliyepata ujauzito, Zanzibar ilitangulia kuweka utaratibu wa kumruhusu kurudi skuli baada ya kujifungua, na Bara ilitangaza uamuzi kama huo mwezi wa Novemba, 2021. Familia nyingi bado hazilijui jambo hili, na nyengine zinalijua lakini huona haya. Miaka 12 ya mtoto huyo haikufutika. Mzazi anayemficha ndani humnyima haki ambayo Serikali imekwisha kumpa.

Elimu ya juu na mikopo

Elimu ya juu, kama ilivyoelezwa, ni Jambo la Muungano, na vyuo vikuu vyote nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ndani ya Zanzibar kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, pamoja na vyuo vikuu viwili vya binafsi vilivyoanza mwaka 1998, kile cha Tunguu na kile cha Chukwani. Mwaka 2023 kiliongezeka Chuo cha IIT Madras kutoka India, ambacho kwa mara ya kwanza kilifungua tawi lake nje ya nchi hiyo, hapa Zanzibar.

Kwa upande wa mikopo, ziko bodi mbili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Jamhuri ya Muungano huwahudumia Watanzania wa pande zote mbili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, huwahudumia Wazanzibari. Kila bodi ina masharti yake na muda wake wa kupokea maombi, na mwombaji anapaswa kuyasoma masharti ya bodi anayoiomba kabla ya kujaza fomu, ili asije akapoteza nafasi katika bodi zote mbili. Ifahamike pia kwamba fedha hizo ni mkopo. Anayehitimu na kupata kazi hutakiwa kurejesha, kwani marejesho yake ndiyo yanayomsomesha anayekuja nyuma yake.

Wajibu wa kila mmoja

Katika Sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773, na sehemu kubwa ya idadi hiyo ni watoto na vijana. Kila mwaka kundi jipya hufikia umri wa kuanza skuli, na ngazi iliyoelezwa hapa hubidi iwabebe wote.

Mtumishi wa Serikali anapofikiwa na mzazi mwenye shida ya skuli, hata kama shida hiyo haiko chini ya afisi yake, ana wajibu wa kumuelekeza afisi inayohusika kwa jina lake na mahali ilipo. Jibu la "siyo hapa" peke yake halijamaliza kazi. Mzazi naye ana wajibu wa kumuandikisha mtoto akiwa na umri wa miaka 4, kutunza cheti chake cha kuzaliwa na ripoti zake, kuhudhuria mikutano ya skuli, na kutokubali mtoto atolewe kabla ya Kidato cha Nne.

Tangazo la Septemba, 1964, liliufungua mlango wa skuli kwa watoto wote wa Zanzibar. Sera iliyofuata imeweka idadi ya miaka ambayo kila mmoja wao anatakiwa kukaa ndani yake, nayo ni 12.